Kutibu alumini ya chakavu kwa strontiamu: mwongozo kwa karakana za kusubu za Dodoma

Puli ya alumini inayopasuka kwenye mfereji wa kii, au impela ya pampu ya shamba la zabibu inayokatika ubawa kabla msimu haujaisha, mara nyingi haikuzidiwa na mzigo. Itazame pale ilipovunjika. Ukiona punje kubwa zinazometameta, za kijivu kilichokolea, hiyo ni silikoni iliyoganda kwa umbo la vibapa vyenye kingo kali. Ufa ukianzia kwenye kibapa kimoja hurukia kingine, na kipande hukatika bila kupinda.

Strontiamu hubadilisha umbo hilo. Kiasi kidogo sana, gramu 2 tu katika kilo 10 za alumini, huizuia silikoni kukua kwa vibapa na kuilazimisha ijitawanye kwa nyuzi nyembamba zilizosukana kama mizizi ya majani. Silikoni ni ileile, uzito ni uleule, ila kipande sasa kinaweza kuvutika kidogo kabla ya kukatika. Kwa aloi yenye silikoni asilimia 7 iliyomiminwa kwenye mchanga, uwezo huo wa kuvutika unaweza kufika mara mbili ya ule wa awali. Ndiyo matumizi ya strontiamu yanayomfaa fundi wa Kizota au Chang'ombe anayesubu vipuri vya mashine za alizeti, na mwongozo huu umejikita hapo. Matumizi mengine tutayagusa mwishoni.

Tuanze na hofu moja. Kwa kuwa watu wa Dodoma wamesikia mengi kuhusu utafutaji wa urani kule Bahi, strontiamu nayo hudhaniwa kuwa kitu cha mionzi. Strontiamu ya asili haina mionzi. Inayoogopwa ni strontiamu-90, ambayo huzaliwa ndani ya vinu vya nyuklia na milipuko ya mabomu, na haihusiani kabisa na fimbo za kiwandani.

Unanunua nini hasa

Usinunue strontiamu tupu. Ni metali laini inayoyeyuka kwa nyuzi 777 za Selsiasi, inayoungua kwa urahisi, inayohifadhiwa ndani ya mafuta, na ikigusa maji hutoa hidrojeni. Karakana haina kazi nayo. Unachohitaji ni aloi mama: alumini iliyokwisha kuchanganywa na strontiamu, kwa kawaida asilimia 10, inayoandikwa AlSr10. Zipo pia za asilimia 3.5, 5 na 15. Huja kama rodi, mara nyingi za unene wa milimita 9.5, au kama vipande vya kuvunja. Chagua rodi. Chembe za strontiamu ndani yake ni ndogo na huyeyuka haraka. Vipande vya kuvunja vina chembe kubwa na vinahitaji muda mrefu zaidi ndani ya chungu.

Rodi ya milimita 9.5 ina uzito wa gramu 190 hivi kwa mita. Kumbuka namba hiyo, kwa sababu itakuruhusu kupima dawa kwa futi kamba siku mizani inapokataa. Ukipokea mzigo, dai cheti cha uchambuzi wa kemia chenye namba ya fungu. Rodi isiyo na cheti inaweza kuwa ya asilimia 5, nawe ukapiga hesabu ya 10.

Kuna wanaotumia sodiamu kwa kazi hiihii, na ni ya zamani kuliko strontiamu. Hataza ya Aladár Pacz, mvumbuzi wa njia hiyo, ilitolewa mapema miaka ya 1920. Tatizo lake ni kwamba sodiamu huchemka kwa nyuzi 883, hivyo hutoka ndani ya alumini kwa moshi na nguvu yake huisha ndani ya nusu saa hivi. Strontiamu huchemka karibu na nyuzi 1,380 na hudumu saa kadhaa. Kwa karakana inayomimina kalibu moja moja kwa upawa, tofauti hiyo ndiyo inayoamua.

Chakavu kwanza

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, kwa hiyo tukae kidogo. Strontiamu inafanya kazi kwenye silikoni. Pasipo silikoni ya kutosha haina cha kufanya.

Fremu za madirisha zina silikoni karibu nusu asilimia tu. Makopo ya soda na bia vivyo hivyo, na zaidi ya hapo huungua na kukuachia uchafu mwingi juu ya chungu. Sufuria za bati na nyaya za umeme ni alumini karibu tupu. Vyote hivyo weka kando.

Chakavu bora ni rimu za magari za alumini. Nyingi ni aloi ya A356: silikoni karibu asilimia 7, magnesi karibu asilimia 0.3, chuma kidogo. Tena nyingi zilikwisha kutiwa strontiamu kiwandani, hivyo utaongeza kidogo tu. Kabla ya kuvunja rimu, banua vile vipande vya kubalansi vilivyobanwa au kugandishwa ukingoni. Vingi ni risasi, vingine zinki au chuma, na hakuna hata kimoja unachokitaka ndani ya chungu. Toa valvu na mpira wake, kisha ondoa rangi kwa moto wa nje, si ndani ya chungu.

Nyumba za giaboksi na vifuniko vya injini vina silikoni 7 hadi 11, shaba 2 hadi 4, na mara nyingi chuma kinachokaribia asilimia 1. Vinafaa kwa mabano na vifuniko, lakini usitegemee vivutike sana. Chuma kingi hutengeneza sindano zake chenyewe ndani ya alumini, na strontiamu haiziondoi. Njia ya kupunguza ukali wake ni manganizi, kwa uwiano wa nusu ya kiasi cha chuma; njia bora zaidi ni kuchanganya na rimu ili chuma kipungue.

Pistoni zina silikoni 11 hadi 13, nyingine zaidi, pamoja na nikeli na shaba. Nyingi zimetiwa fosforasi kiwandani kwa sababu maalumu: fosforasi husaga zile punje kubwa za silikoni zinazoganda mwanzo. Fosforasi na strontiamu hushikana na kuuana. Ukiweka dozi ya kawaida kwenye pistoni utakuta sehemu kubwa ya kazi haikufanyika, halafu utailaumu rodi. Kwa pistoni tupu panda hadi asilimia 0.03, au changanya pistoni moja kwa rimu tatu kwa uzito. Antimoni na bismuthi nazo huiharibu strontiamu, na ndiyo sababu nyingine ya kutorusha kila kinachong'aa ndani ya chungu.

Jambo moja lisilojadiliwa: usisubu sufuria za kupikia kwa mchanganyiko huu wa vipuri vya magari. Chakavu kinaweza kubeba risasi, na strontiamu haiitoi. Mteja akisisitiza, mkatalie.

Chungu na tanuru

Karakana nyingi huyeyushia kwenye chuma kilichokatwa kutoka mtungi wa gesi. Alumini iliyoyeyuka hula chuma. Kila mzigo unaoyeyusha humo huongeza chuma ndani ya aloi, na baada ya mizigo kadhaa unatibu kwa strontiamu kitu kisichotibika. Chungu cha udongo na grafiti ndicho kinachofaa. Kama huna, paka mtungi ndani kwa rojo la chokaa au bentonaiti laini, tabaka tatu nyembamba, kila moja ikikauka kabla ya nyingine, kisha upashe moto mpaka usitoe mvuke. Rudia kila unapoona rangi ya chuma imechungulia. Upawa, kijiti cha kukorogea na chombo cha kuzamishia dawa vipakwe vilevile.

Utahitaji themokapo (kipimajoto cha waya) ya aina K iliyo kwenye ala, mizani inayosoma gramu moja, na gesi ya agoni ileile ya kuchomelea alumini. Kupima joto kwa macho hakutoshi hapa. Alumini haibadiliki rangi mchana, na ukiwa juani kati ya nyuzi 700 na 800 hutaona tofauti.

Hesabu ya dozi

Lengo la kawaida kwa kalibu ya mchanga ni asilimia 0.02 ya strontiamu. Kalibu ya chuma hupoza haraka na hutosheka na 0.01 hadi 0.015. Kipande kinene kinachopoa taratibu kinataka zaidi kidogo kuliko chembamba.

Chukua mzigo wa kilo 30. Asilimia 0.02 ya gramu 30,000 ni gramu 6 za strontiamu. Si zote zitakazobaki; sehemu huungua juu. Hesabu kwamba asilimia 85 ndiyo itakayoingia: 6 gawa kwa 0.85 ni karibu gramu 7.1. Kwa rodi ya asilimia 10 hiyo ni gramu 71, yaani kipande cha sentimita 37. Kwa rimu tupu anza na nusu yake, sentimita 19. Kwa pistoni tupu, kwa lengo la 0.03, ni gramu 106, sentimita 56.

Usiongeze kwa kudhani kuwa nyingi ni bora. Ukipita 0.04 hadi 0.05, strontiamu huanza kuungana na alumini na silikoni kuwa punje ngumu, silikoni nayo huanza kunenepa tena, na gesi huongezeka. Unalipa zaidi kwa kipande kibaya zaidi.

Kazi yenyewe

Pasha chakavu chote pembeni ya tanuru mpaka kivuke nyuzi 150 kabla ya kukitumbukiza. Unyevunyevu unaoingia chini ya alumini iliyoyeyuka hulipuka na kuirusha usoni. Ndoo iwekwe ya mchanga mkavu, kamwe si ya maji. Vaa buti za ngozi, suruali iliyoteremka juu ya buti, aproni na ngao ya uso. Soksi za nailoni na ndala ziache nyumbani.

Yeyusha, kisha pandisha hadi nyuzi 730. Ondoa uchafu unaoelea. Kama unatumia flaksi (unga wa kusafishia) au vidonge vya kutoa gesi vyenye klorini, huu ndio wakati wake pekee, yaani kabla ya strontiamu. Klorini huibeba strontiamu na kuigeuza chumvi inayoelea na uchafu, nawe utaichota na kuimwaga. Vidonge hivyo hutoa moshi mkali wenye sumu, na tungependa uachane navyo kabisa utumie agoni.

Kata rodi vipande vifupi, vipashe pembeni mpaka vikauke kabisa, viweke ndani ya kikombe cha chuma chenye matundu kilichopakwa rojo, sukuma ngozi ya oksidi pembeni na uzamishe kikombe mpaka karibu na kitako. Ukitupa rodi juu juu itanasa kwenye ngozi na kuungulia hapo. Koroga kwa upole kutoka chini kwenda juu kwa dakika moja bila kupasua uso wa alumini. Subiri dakika 15 hadi 20 joto likibaki kati ya 720 na 740. Kwa vipande vya kuvunja subiri zaidi ya nusu saa. Ukikosea hapa ni kwa haraka: unamimina dakika ya tano, nusu ya kwanza ya kalibu zinatoka za vibapa na nusu ya mwisho zinatoka safi, kisha hakuna anayeelewa kwa nini.

Baada ya hapo pitisha agoni kwa bomba la grafiti lililofika karibu na kitako, kwa dakika 8 hadi 10, mkondo ukiwa mdogo kiasi kwamba uso unatikisika tu. Ukiona unachemka na kurusha matone, umefungua mno. Unaingiza hewa badala ya kutoa gesi. Chota uchafu, acha ishuke, mimina kwenye nyuzi 690 hadi 720.

Gesi, na kwa nini kiangazi ni bora

Fundi anayejaribu strontiamu mara ya kwanza mara nyingi hulalamika kwamba vipande vimejaa vitundu vidogo. Lalamiko hilo lina ukweli. Strontiamu hubadilisha namna aloi inavyoganda, na mianya iliyokuwa imekusanyika sehemu moja hutawanyika kila mahali. Pia muda wa kusubiri ndani ya chungu huipa alumini nafasi ya kunywa hidrojeni. Alumini iliyoyeyuka hubeba hidrojeni karibu mara 20 kuliko iliyoganda. Inapoganda, ziada yote hutafuta pa kutokea.

Hidrojeni inatoka kwenye maji, na maji yako kwenye hewa, mkaa, mchanga na moshi wa oili chafu. Dodoma ina bahati ya miezi mikavu kuanzia Mei hadi Novemba. Kazi za kubana maji, kama nyumba za pampu (maganda yake ya nje), zisubu kipindi hicho. Masika yakianza Desemba, hifadhi mchanga na mkaa ndani, na ongeza dakika chache za agoni.

Kipimo cha gesi unaweza kukitengeneza kwa kompresa ya friji kuukuu, dumu nene la chuma lenye kioo juu, na geji ya vakyumu. Mimina vikombe viwili vidogo vya chuma, kimoja kigandie hewani, kingine ndani ya dumu kwa shinikizo la milibari 80. Angalizo kwa Dodoma: mji uko karibu mita 1,120 juu ya bahari, na hewa yake ina shinikizo la milibari 885 hivi, si 1,013. Geji nyingi huonyesha upungufu kutoka hewa ya mahali ulipo. Miongozo iliyoandikwa kwa watu wa pwani husema vuta mpaka −0.93, hapa hutafika, hata kompresa ikiwa mpya. Milibari 80 kwa Dodoma ni −0.80 kwenye geji.

Pima kila kipande hewani, kisha kikining'inia ndani ya maji. Uzito wa hewani gawa kwa uliopungua majini. Kipande cha gramu 80 kinachopungukiwa gramu 30 kina msongamano wa 2.67. Mwenzake wa vakyumu akipungukiwa 31.2 ana 2.56. Tofauti ni 0.11, ambayo ni asilimia 4 ya 2.67. Kwa puli inapita. Kwa nyumba ya pampu rudi kwenye agoni mpaka ishuke chini ya asilimia 2.

Kujua kama imeshika

Mimina kipande cha majaribio chenye unene wa sentimita 2 kwenye mchanga uleule, acha kipoe, kata mfereji kwa msumeno, kibane kwenye jiliwa na ukivunje kwa nyundo. Isiyotibiwa huvunjika kwa punje kubwa zinazong'aa. Iliyotibiwa ina uso laini kama hariri, wa kijivu cheupe, na kabla ya kuvunjika itapinda kidogo. Hifadhi kipande kimoja cha kila aina ukutani ili kila anayemimina alinganishe.

Njia sahihi zaidi ni themokapo. Izamishe kwenye kikombe kidogo cha mchanga chenye alumini na uandike joto kila sekunde mbili. Silikoni inapoganda joto husimama kwa muda. Kwa aloi ya silikoni 7 isiyotibiwa husimama karibu na 574. Iliyotibiwa vizuri husimama nyuzi 6 hadi 8 chini yake. Themokapo ya bei nafuu inaweza kukosea nyuzi mbili, lakini ukitumia ileile kabla na baada ya dawa, tofauti itakuwa ya kuaminika. Ukitaka namba za kemia zenyewe, Dodoma ndipo makao ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST. Waulize maabara yao kama wanapokea sampuli ya metali na wanataka iandaliwe vipi kabla ya kuipeleka.

Kama kipimo kinasema haijashika, usimwage. Ongeza robo ya dozi, subiri dakika 15, pima tena. Ikikataa mara ya pili, huenda shida ni fosforasi kwenye chakavu. Punguza kwa rimu.

Kwingine inakotumika

Mkemia Humphry Davy aliitenga strontiamu mwaka 1808, lakini kwa muda mrefu viwanda viliitaka kama chumvi zake tu. Mawe yake makuu ni selestaiti na strontianaiti. Kaboneti yake iliingia kwa wingi kwenye vioo vya televisheni za mgongo ili kuzuia miale ya eksirei, na soko hilo limekufa pamoja na televisheni hizo. Linalobaki kubwa ni la sumaku: kaboneti ya strontiamu huchomwa pamoja na oksidi ya chuma kwa nyuzi zaidi ya 1,000 kupata zile sumaku nyeusi za spika na mota ndogo. Wasafishaji wa zinki kwa umeme huitumia kaboneti hiyo kuishusha risasi isiingie kwenye bidhaa. Nitrati yake ndiyo rangi nyekundu ya fataki, hivyo usiiguse bila kibali. Kromati yake, ya rangi za kuzuia kutu za ndege, husababisha saratani. Chakavu cha ndege chenye rangi ya njano ya chini usikipige msasa.

Kwa metali, nje ya alumini, kuna magnesi: BMW ilitumia aloi ya magnesi, alumini na strontiamu kwenye injini yake ya N52, kwa kuwa strontiamu huifanya magnesi istahimili joto bila kulegea.

Wanaosubu chuma cha kijivu nao wana lao. Ferosilikoni (aloi ya chuma na silikoni) yenye strontiamu karibu asilimia 0.8, ikitupwa kwenye mkondo wakati wa kujaza upawa kwa kiasi cha asilimia 0.1 hadi 0.3 ya uzito, hupunguza ule weupe mgumu wa kingo nyembamba unaovunja visu vya mashine ya kukereza. Kwa kilo 50 hiyo ni gramu 50 hadi 150, punje za ukubwa wa mtama, zikiwa kavu. Imalize kumiminwa ndani ya dakika 10, kwa sababu kwenye chuma nguvu yake hupotea haraka.

Marejeo

Marejeo ni chakavu chako mwenyewe kinachorudi chunguni: raiza na milango (sehemu za kujazia na kupitishia alumini kwenye kalibu) na vipande vilivyokataliwa. Vya alumini iliyotibiwa bado vina strontiamu. Vipige doa la rangi na uvitenge na chakavu kipya. Ukiviyeyusha tena, hesabu kwamba nusu ya dawa ya mwanzo bado ipo: mzigo wa kilo 30 wenye kilo 15 za marejeo ya 0.02 tayari una gramu 1.5, kwa hiyo ongeza gramu 4.5 badala ya 6, ambayo kwa rodi ni sentimita 28. Mchanga uliogandia kwenye marejeo ukwanguliwe kwanza kwa brashi ya waya, la sivyo utaupata ndani ya kipande kijacho.